Yairo Alipongojeshwa Njiani

Somo: Marko 5:21–43

Jumapili iliyopita tulihubiriwa kwamba tupunguze mwendo na kumtegemea Mungu, na watu wakasema amina hadi mabati yakalia. Lakini tukipanga viti baada ya ibada, dada mmoja aliniuliza swali ambalo nimekaa nalo wiki nzima: "Mzee, mimi nikipunguza mwendo, karo italipwa na nani?"

Hakuwa anabishana. Ni mtu ambaye huamka saa kumi alfajiri kwenda sokoni, anarudi kufungua kibanda, na jioni anapika huku akihesabu deni. Ukimwambia atulie, anasikia ni kama umemwambia aache watoto walale njaa. Tukimjibu haraka haraka ati "Mungu atatoa, dada, wewe amini tu," tutakuwa tumemkwepa. Je, kutulia ni imani, ama ni starehe ya wale ambao mshahara wao unaingia kila mwisho wa mwezi?

Kwanza, Biblia haijawahi kusifu uvivu. Mithali 6 inamtuma mvivu kwa chungu akajifunze. Yusufu alipojua njaa inakuja Misri, hakukaa kitako akiimba. Aliweka nafaka miaka 7. Na kuna jambo katika habari ya mana, Kutoka 16, ambalo huwa tunalipita. Siku za kawaida, aliyeweka mana mpaka asubuhi aliikuta imetoa mabuu na inanuka. Lakini siku ya 6 waliambiwa waokote maradufu na kuweka ya Sabato, na hiyo haikuoza. Angalia hapo. Ni chakula kile kile na ni kuweka kule kule. Siku moja ilikuwa ni kutoamini, siku nyingine ni utii. Mtu akipita nje ya hema akichungulia, hangeweza kukuambia ni nani anamwamini Mungu na ni nani ana hofu.

Kwa hivyo tusipime imani ya mtu kwa kasi ya miguu yake. Mama anayekimbilia matatu saa kumi na moja asubuhi anaweza kuwa na amani kuliko mimi niliyelala kwa kochi nikifungua simu kila dakika 5 kuona kama kuna ujumbe. Mbio ninazozungumzia ziko moyoni.

Mbio hizo zinafanyaje kazi? Mfalme Sauli anatuonyesha vizuri katika 1 Samweli 13. Aliambiwa angoje siku 7 pale Gilgali. Wafilisti wamejipanga, Samweli haonekani, askari wanatoroka mmoja mmoja. Sauli akaamua kutoa sadaka ya kuteketezwa yeye mwenyewe. Alipomaliza tu, Samweli akatokea. Mimi humhurumia Sauli, kwa maana siku ya 7 ilikuwa imefika na mambo yalikuwa mabaya kweli. Lakini ona alichofanya na hofu yake: hakwenda kwa sanamu, hakulewa. Alitoa ibada. Alichukua kitu kitakatifu akakitumia kama kamba ya kuwafunga watu wasimkimbie.

Hapo mimi huogopa kwa ajili yetu, maana sisi watu wa maombi ndio tunaweza kuanguka kwa shimo hilo bila kujua. Unaweza kufunga siku 3 kwa sababu unamtafuta Mungu, na unaweza kufunga siku 3 kama mtu anayegonga dirisha la ofisi akitaka ahudumiwe mbele ya wengine. Kuna kesha ambazo ukiziangalia vizuri ni wasiwasi uliowekewa kinanda. Na ukisikia mahali umeambiwa toa mbegu leo usiku, kabla ya saa sita, la sivyo mlango utafungwa, jiulize ni nani hasa ana haraka hapo. Huyo mtu anayehimiza ana haraka. Wewe mwenye shida una haraka. Sijaona mahali Mungu amewekewa saa hiyo.

Mikopo ya simu nayo inauza kitu kimoja, upesi. Pesa zinaingia kabla chai haijapoa. Huambiwi ungoje, huulizwi maswali, hakuna mtu wa kukutazama usoni. Sisemi ni dhambi kukopa. Ninasema mtu mwenye hofu atalipia upesi bei yoyote, na wanaouza wanajua.

Yule dada tulikaa naye Jumanne, yeye, mke wangu na mimi, tukaandika kwa karatasi. Karo iliyobaki ilikuwa shilingi 14,000. Lakini madeni ya simu yalikuwa matatu, na la tatu lilichukuliwa kulipa la pili. Kwa hesabu ile, mbio zenyewe zilikuwa zinamla kuliko karo. Njia ya polepole ilikuwepo tangu mwanzo: kwenda shuleni, kukaa mbele ya mhasibu, na kusema ukweli wote, kwamba naweza kulipa kiasi hiki kila Ijumaa. Alikuwa haiendi njia hiyo kwa sababu ya aibu. Alhamisi alienda, na shule ikakubali kupokea kidogo kidogo. Bado anaamka saa kumi. Bado pesa hazitoshi. Ila hakopi tena usiku.

Sasa turudi kwa Yairo, maana shida yake ni kubwa kuliko karo. Binti yake wa miaka 12 yuko karibu kufa. Huyu ni mkuu wa sinagogi, mtu wa heshima, na ameanguka miguuni pa Yesu mbele ya umati. Yesu amekubali, wameanza safari. Halafu Yesu anasimama. Anauliza ni nani aliyemgusa. Wanafunzi wanashangaa, maana watu wote wanamsukuma. Na anangoja mpaka yule mama aliyetokwa damu miaka 12 ajitokeze na kueleza habari yake yote. Mtu aliyeteseka miaka 12, aliyemaliza mali yake kwa waganga, haelezi kwa sentensi moja.

Hebu jiweke kwa viatu vya baba huyo. Kila neno la yule mama ni dakika ya mtoto wako. Mama mwenyewe ameshapona! Kwani hangeweza kuambiwa aje kesho? Nimeisoma mara nyingi na bado inaniuma. Kisha watu wanafika kutoka nyumbani: mtoto amekufa, usimsumbue Mwalimu.

Ninachoona hapo ni kwamba kule kucheleweshwa kwa Yairo kulikuwa ni zamu ya mtu mwingine. Mbio zingetimia vile Yairo alitaka, yule mama angebaki kwa umati, ameponywa mwili lakini bado amejificha. Wasiwasi unanifanya nione watu kama jam ya Jogoo Road, kila aliye mbele yangu ni kizuizi. Mtoto anayeuliza swali la hesabu nikiwa na mawazo, mzee wa jirani anayetaka kusalimiwa sawasawa. Yesu alikuwa na safari ya dharura kuliko zote na bado aliona mkono mmoja kwa pindo la vazi.

Najua mtu atasema: lakini binti ya Yairo alifufuka. Wangu tulimzika. Ndiyo. Kuna walioomba, wakatulia, wakaamini, na wakazika. Yohana Mbatizaji alimtuma Yesu wanafunzi kutoka gerezani, na gereza halikufunguliwa; alikatwa kichwa. Kwa hivyo tusiwafundishe watu kwamba kutulia ni mbinu ya kumharakisha Mungu. Hiyo itakuwa ni Sauli tena, amevaa upole. Na asitokee mtu wa kumwambia mgonjwa atupe dawa zake ili aonyeshe anaamini. Yairo alitoka nyumbani akatafuta msaada kwa miguu yake mwenyewe, na hilo ndilo lilikuwa tendo lake la imani.

Alichoombwa Yairo baada ya ile habari mbaya ni kidogo na kigumu: asiogope, aamini, na aendelee kutembea na Yesu mpaka nyumbani. Marko hakuandika kama alijibu. Kuanzia hapo hatusikii neno lake hata moja.

Nimesema juu ya usiku, na wengi wetu vita viko huko, saa nane, macho kwa dari. Eliya alipomkimbia Yezebeli na kuomba afe, 1 Wafalme 19, malaika hakumkemea na hakumhubiria. Alimpa mkate na maji, akamwacha alale, akamwamsha ale tena. Wengine wetu tunaoombewa pepo la uchovu, tumechoka tu. Ukizima simu saa tatu na ukalala, unakiri kwamba kuna Mtu anakesha na si wewe.

Na kule nyumbani kwa Yairo, msichana akiwa ameinuka na wazazi wameshikwa na bumbuazi, Yesu hakuwaharakisha kwenda kutangaza. Aliwazuia hata kusema. Aliagiza mtoto apewe chakula.