Amoksilini na Hoja ya Amana

Swali la nani hasa anayemiliki dawa huonekana jepesi, kwa kuwa aliyeinunua ameilipia. Lakini amoksilini, dawa ya jamii ya penisilini ambayo huua bakteria kwa kuwazuia wasijenge ukuta wa seli zao, hulifanya kuwa zito. Virusi vya mafua havina ukuta huo, hivyo anayemeza kapsuli kwa ajili ya mafua hapati tiba, bali huwapa bakteria waliomo mwilini mwake nafasi ya kujenga usugu, yaani uwezo wa kuistahimili dawa, na bakteria hao huweza kumfikia mtoto, jirani na hata mtu asiyemjua kabisa. Alexander Fleming, aliyeigundua penisilini mjini London mwaka 1928, alitahadharisha katika hotuba yake ya Tuzo ya Nobel mwaka 1945 kwamba kipimo pungufu kingeweza kuzalisha vijidudu sugu.

Kwa hiyo dawa hii inafanana zaidi na amana kuliko mali, na amana humfunga aliyeishika kwa masharti. Kapsuli sita zilizosalia, zikafungwa katika kikaratasi ili apewe jirani mwenye homa, ni ukarimu wa dhati, nao unastahili heshima. Hata hivyo huenda jirani huyo ana mzio wa penisilini, ambao huweza kumvimbisha uso na kumbana pumzi hadi kufa. Anayeumwa na apimwe kwanza, aseme kama dawa hii iliwahi kumdhuru, kisha aitumie kwa kipimo na siku alizoandikiwa.