Tunamchimbia Nani Mashimo?

Kahawa ya Kenya inasifiwa ng'ambo kwa sababu imeoshwa vizuri. Sifa hiyo tunaipenda. Maji yaliyoiosha hatuyataji sana.

Chukua faktori yoyote ya ushirika Kirinyaga, msimu mkubwa, kati ya Oktoba na Desemba. Mchana wakulima wanaleta cheri, karani anapima, jioni mashine inamenya. Punje zinalala kwenye matangi ili ute ulegee, kisha zinaoshwa tena na tena kwenye mifereji. Kupata kilo moja ya kahawa safi kunahitaji karibu kilo saba za cheri. Kilo sita zinazobaki ni maganda, unyevu na ute wenye sukari, na ute mwingi huondoka na maji.

"Si ni sukari tu?" utaambiwa. "Mto utajisafisha." Ni kweli, mto hujisafisha, na shida iko hapo hapo. Vijidudu vinavyoila sukari hiyo hutumia oksijeni iliyo ndani ya maji, ile ile anayoitegemea samaki. Kanuni za ubora wa maji za mwaka 2006 zilitaka maji yanayoachiliwa mtoni yasihitaji zaidi ya miligramu 30 za oksijeni kwa lita. Maji ya kumenyea kahawa, yakitoka vile yalivyo, huhitaji maelfu.

Dawa inajulikana. Maji yazungushwe yatumike tena, maganda yatengwe mapema yawe mbolea, yanayobaki yatiwe chokaa kupunguza ukali, kisha yaelekezwe kwenye mashimo mbali na mto yakanywewe na udongo. Lakini mashimo huziba, na kuyazibua ni pesa. Pesa hiyo inakatwa kwenye malipo ya mkulima ambaye tayari amengoja miezi. Kwa hivyo simdharau anayeinua mkono mkutanoni na kuuliza, "Kwani tunamchimbia nani haya mashimo?"

Ni swali la haki. Mito kama Thiba na Nyamindi inashuka kutoka Mlima Kenya, inapita kwenye kahawa, halafu inafika kwenye mpunga wa Mwea. Mtu wa Mwea si mwanachama wa ushirika wa huku juu. Hapigi kura, hapati bonasi. Ndiyo maana naona ni kosa kuita kusafisha maji wema kwa jirani. Wema unaweza kuahirishwa bei ikishuka. Hii ni gharama ya kutengeneza kahawa, sawa na mbolea au dizeli ya mashine, na faktori isipoilipa, atailipa mwingine: mama anayetembea mbali zaidi na mtungi wake kwa sababu maji ya karibu yananuka. Amekopwa bila kuulizwa. Kifungu cha 42 cha Katiba kinampa haki ya mazingira safi, na hakimwulizi kama ana kadi ya ushirika.

Na mnunuzi je? Anayelipia sifa ya kuoshwa alipie na uoshaji wenyewe, hilo tulidai bila aibu. Ila mazungumzo ya bei huchukua miaka, na mashine inamenya leo jioni.

Wakati huo, mkutano mkuu ujao wa mwaka ungeweza kumwalika mtu mmoja wa huko chini asikie hesabu zikisomwa. Kura hatakuwa nayo. Lakini lile swali la mashimo litaulizwa akiwa ameketi pale, na mwenyekiti atalazimika kulijibu akimtazama.