Msomi Mbele ya Mwenye Swali

Aghalabu kijana anayeingia katika masomo ya uzamili, na baadaye uzamivu, huandaliwa kwa taabu nyingi apate kuwajibu walio juu yake: msimamizi humrudishia rasimu iliyojaa masahihisho, kamati humtaka aieleze upya nadharia aliyoitegemea, na siku ya kuitetea tasnifu jopo la watahini humkabili kwa maswali mpaka ithibitike kwamba kazi ni yake na anaijua. Maandalizi hayo ni mema, wala sikusudii kuyadharau. Lakini mtu akishaitwa mhadhiri, sehemu kubwa ya umri wake wa kazi huipitisha akiulizwa na walio chini yake, na kwa jambo hilo hakuna jopo lililomtahini.

Sisi wa Moshi tuna sababu ya kulitafakari jambo hili, kwani wanafunzi wa shahada za juu, wawe wa Chuo Kikuu cha Ushirika, wa utabibu pale hospitali ya KCMC, au wa Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, ni wageni wetu wa kila msimu. Wengine huteremka hadi Chekereni, kwenye majaruba ya mpunga ya mradi wa umwagiliaji wa Lower Moshi, uliokamilika mwaka 1987 kwa ushirikiano na Japani. Huyu hupima maji, ambayo yalipungua kadiri wakulima wa upande wa juu walivyozidi kulima mpunga. Yule huhesabu mbu. Na mwingine huja na hojaji kuuliza magunia yaliyovunwa.

Katika hao wa mbu yalipatikana mafunzo makubwa. Utafiti wa Lower Moshi uliochapishwa mwaka 2002 ulionyesha kwamba kijiji cha mpunga, ijapokuwa mbu wake walikuwa wengi zaidi, kilikuwa na hatari ndogo ya malaria kuliko kijiji cha jirani kilicho kikavu. Na katika sababu zilizotajwa ni mbu wanaomfuata ng'ombe badala ya mtu, na vyandarua ambavyo mkulima wa mpunga anamudu kununua. Kama watafiti wale wangalikuja wakiwa wamekwisha kujijibu, wasingaliipata natija hiyo.

Tena tunao mfano wa Erasto Mpemba, ambaye mwaka 1963, akiwa kidato cha tatu shuleni Magamba, aliingiza maziwa ya moto katika jokofu ili asikose nafasi, akaona yameganda kabla ya yale ya mwenzake yasiyochemshwa. Alipouliza sababu, aliambiwa amechanganyikiwa. Miaka ikapita, hata Dk. Denis Osborne, mwalimu wa fizikia wa chuo kikuu cha Dar es Salaam, alipozuru shule ya Mkwawa, alikokuwa akisoma Mpemba wakati huo, kijana akamwuliza swali lile lile, na wenzake wakacheka. Osborne hakucheka, wala hakusadiki papo hapo. Alirejea Dar es Salaam akaagiza lijaribiwe. Fundi wa maabara alipoona ni kweli, alisema atarudia mpaka apate jibu lililo sahihi! Mwaka 1969 makala ilichapishwa kwa majina ya wawili hao, na wakati huo Mpemba alikuwa mwanafunzi wa chuo cha wanyamapori cha Mweka, hapa hapa mlimani. Mabingwa wangali wakibishana juu ya jambo lenyewe. Lakini kuhusu adabu ya mwalimu yule hapana ubishi.

Kwa hiyo naona ingefaa kila anayekusanya habari kwa watu arejee kwao kabla ya kuvishwa joho, asimame mbele ya wakulima, aeleze kwa Kiswahili fasaha alichokiona, kisha aulizwe. Mtu atasema kwamba jambo hilo litaongeza gharama na kurefusha masomo ambayo yamekwisha kuwa marefu, na hoja hiyo si ya kupuuzwa. Lakini tunamudu kumsafirisha mtahini wa nje toka mbali aje aisome tasnifu moja, na nauli ya kufika Chekereni haishindi hiyo. Mzee wa hapo akimwambia, "Mwanangu, mwaka juzi mliandika majibu yetu, na maji bado hayafiki, mliyapeleka wapi?", ataonja kazi aliyoichagua: kujibu bila hasira na bila kujificha nyuma ya istilahi, na pale asipojua, kukiri kwamba hajui na kwenda kutafuta. Mwenye kuliweza hilo, wanafunzi watakaomjia baadaye watathubutu kumwuliza.