Dalili na Yakini katika Kipimo cha Titi

Neno "dalili" lina makao mawili katika Kiswahili, kwani kwa tabibu ni alama ya maradhi mwilini, na kwa mwanachuoni wa sheria ya Kiislamu ni hoja inayosimamisha hukumu. Maana hizo mbili hukutana katika kipimo cha titi kwa ultrasaundi ya Doppler, na zikichanganywa humwumiza mgonjwa.

Christian Doppler, mwanafizikia wa Austria, alieleza mwaka 1842, katika andiko lake kuhusu rangi za nyota pacha, kwamba masafa ya wimbi, yaani idadi ya mitetemo yake kwa sekunde, hubadilika kadiri chanzo chake kinavyomsogelea au kumwacha mpokeaji. Mashine hupeleka titini sauti isiyosikika kwa sikio la mwanadamu, hupokea mwangwi wake kutoka kwenye chembe za damu zinazotembea, kisha huionyesha tofauti ya mitetemo kwa rangi, kwa kawaida nyekundu kwa damu inayokijia kifaa na buluu kwa inayokiacha. Rangi hizo, basi, husema mwendo tu, saratani hazisemi.

Saratani huingizwa katika picha hiyo kwa hoja. Uvimbe unaokua huhitaji damu, hivyo huvuta mishipa mipya, rai aliyoitetea daktari Judah Folkman wa Marekani mwaka 1971, na mishipa hiyo mara nyingi hupinda ovyo na kupenya ndani ya uvimbe. Ajabu ni kwamba kinachotafutwa hapo ni alama ya uhai, uhai uliovuka mipaka yake. Hata hivyo uvimbe usio wa saratani waweza kujaa damu, na saratani ndogo yaweza isionyeshe damu yoyote, kwa hiyo hukumu hungoja kinyama kitolewe kwa sindano na kutazamwa kwa hadubini.

Imamu al-Ghazali, mwanachuoni wa Kiislamu aliyefariki mwaka 1111, aliandika kwamba jicho huiona nyota kuwa ndogo kama dinari, hadi hoja ya hesabu ithibitishe kuwa ni kubwa kuliko dunia. Katika chumba cha kipimo mpango huo hugeuka, kwani hoja hutangulia na jicho, likiwa juu ya hadubini, huja kuikosoa. Mwanamke anayeambiwa kuwa uvimbe wake una damu nyingi, kana kwamba shauri limekwisha, amepewa dhana iliyovikwa nguo za yakini. Na anayeambiwa kuwa hauna damu, akarudi nyumbani bila kupimwa zaidi, amedhulumiwa zaidi, kwa kuwa dhana hii ya pili haimwachii hata hofu ya kumrudisha hospitali.