Kaa Chini Upige Hesabu Kabla Hujanunua Land Rover ya Zamani

Ndugu zangu, nawasihi: maadamu fedha bado iko mkononi, kaeni chini kwanza. Nasema nanyi mliokwisha kuliona gari, mkalizunguka, mkashika usukani wake na moyo ukasema ndilo. Nasema na kijana wa Karatu anayetaka kuanza kubeba watalii kwa Defender 110 iliyopita mikono mingi. Nasema na mkulima wa Mbulu ambaye masika ikiingia njia ya shambani kwake inakatika. Na zaidi ya wote nasema nanyi wajumbe wa kamati ya gari ya usharika, mnaoshika michango ya akina mama waliouza kuku na debe la mahindi ili mchungaji afike mitaa ya mbali. Fedha hiyo ni ya jasho. Ikiishia kwenye mkweche, mtaitisha harambee nyingine na watu watawatazama tu.

Katika Injili ya Luka, sura ya 14, Bwana Yesu anatoa mfano wa mtu aliyeanza kujenga mnara bila kupiga hesabu, akaishia kwenye msingi na watu wakamcheka. Minara hiyo tunayo. Iko nyuma ya gereji zetu, imekalishwa juu ya mawe, magurudumu yameshauzwa, majani yameota mpaka yanachungulia kwenye bonneti. Kila moja ilinunuliwa na mtu mwenye akili zake, aliyekuwa na bei kamili mfukoni. Alichokosa ni fedha ya mwezi wa tatu.

Hapo ndipo watu wanapoangamia. Bei anayotaja dalali ni malipo ya kwanza, na katika gari la miaka 25 au 30 malipo ya kwanza mara nyingi ndiyo madogo. Gari la namna hii ni kama ng'ombe wa maziwa: anakula kila siku, umkamue usimkamue. Msimamo wangu ni huu, na siulegezi: kama ukishalipa gari hutabaki na fedha nyingine isiyopungua theluthi ya bei, imewekwa kando kwa ajili ya gari hilohilo, huna uwezo wa kulinunua. Hata kama muuzaji amekupunguzia. Hata kama ni la shemeji yako.

Najua mnapenda. Na mimi napenda. Land Rover ilionyeshwa kwa mara ya kwanza Amsterdam mwaka 1948, vita vikiwa vimeisha juzijuzi na chuma kikipatikana kwa shida Uingereza, ndiyo maana bodi yake iliundwa kwa aluminiamu. Tangu hapo imembeba bwana shamba, imebeba chanjo, imebeba maiti na maharusi, imewafikisha mapadre na wachungaji mahali ambapo hapakuwa na barabara ya kuitwa barabara. Hata leo wako watu wa Monduli na Simanjiro wanaokwenda gulioni ndani ya gari lililowatangulia kuzaliwa. Kiwanda cha Solihull kilitoa Defender ya mwisho ya umbo lile tarehe 29 Januari 2016, na wenye nazo wanalijua hilo vizuri wanapotaja bei. Oktoba 2024 Arusha ilipofanya tamasha la Land Rover, mji ulijaa, na wengi walirudi nyumbani wamekwisha kuamua kununua kabla hawajajua wananunua nini. Penda. Lakini mapenzi hayajawahi kuzuia kutu.

Haya, lala chini ya gari. Chukua mkeka, tochi na nyundo ndogo, na asikuharakishe mtu. Jambo la kwanza kujua ni kwamba bodi ya aluminiamu haishiki kutu nyekundu, kwa hiyo ukisimama mbali gari linaonekana safi. Chini yake chesisi ni chuma, tena chuma chenye uwazi ndani. Tope linaingia, maji yanakaa, na kuoza kunaanzia ndani kuja nje. Wazee walisema uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Anzia nyuma kabisa, kwenye boriti inayopita chini ya mlango, pale inapofungwa ndoano ya kuvutia. Gonga taratibu kutoka upande mmoja hadi mwingine. Chuma kizima kinalia. Kilichooza kinatoa sauti butu, na mara nyingine nyundo inazama na vipande vinakuangukia usoni. Nenda kwenye mikono inayotokeza pembeni kushikilia bodi. Nenda pale springi zinapokalia. Kisha toka chini, ingia ndani, inua mkeka miguuni pa dereva, papasa kwa vidole kona za chini za ule ukuta unaotenga injini na abiria. Hapo aluminiamu na chuma vimekutana, maji ya mvua yamepita miaka mingi, na vyuma hivyo viwili vimekuwa vikilana polepole. Utakuta unga mweupe upande huu na kutu upande ule.

Ukikuta sehemu yote ya chini imepakwa rangi nyeusi ya juzi, simama. Muulize muuzaji rangi hiyo inafunika nini, umtazame machoni anapojibu. Ukikuta kiraka kimechomelewa juu ya kiraka, hesabu chesisi mpya. Inawezekana kubadilisha, mafundi wetu wanabadilisha, lakini gari zima linavuliwa kila kitu, na gharama hiyo inaweza kuimeza akiba yako yote kabla hujakanyaga mtaa hata mmoja.

Uliza pia gari limeishi wapi. Lililokaa Tanga, Dar es Salaam au Mombasa limevuta hewa ya chumvi. Lililoletwa kutoka Uingereza limepita kwenye barabara zinazomwagiwa chumvi wakati wa baridi ili zisigande barafu. Gari la Dodoma lenye bodi iliyokwaruzwa na miiba linaweza kuwa na chesisi nzima kuliko lile linalong'aa lililoshuka bandarini mwaka jana. Rangi unaweza kupaka baadaye. Chesisi ndiyo gari.

Injini nayo ina muda wake wa kusema kweli, nao ni asubuhi ikiwa ya baridi. Mwambie muuzaji asiiwashe kabla hujafika, na ukifika, kabla ya salamu ndefu, weka kiganja juu ya injini. Ikiwa ya moto, amekuficha kitu. Rudi siku nyingine au usirudi kabisa. Ikiwaka, tazama moshi. Moshi mweusi kidogo wakati wa kukanyaga mafuta unavumilika kwenye dizeli ya zamani, pengine ni nozeli au pampu. Wa bluu unaoendelea ni oili inayoungua. Mweupe usiokwisha hata injini ikishapata joto, huku maji ya rejeta yakipungua, ni dalili ya gasketi ya hedi au hedi yenyewe. Legeza kifuniko cha oili injini ikiwa inaunguruma: ikipumua kwa nguvu na kutoa moshi mzito, pete za pistoni zimechoka na ovahoo iko njiani. Baadaye toka na muuzaji, mpande mlima mrefu, macho yako yakiwa kwenye mshale wa joto. Wengi wanaojaribu gari wanazunguka mtaa mmoja wa tambarare, wanarudi wakitabasamu. Gari linalochemsha halichemshi kwenye tambarare ya mtaa mmoja.

Kwenye Defender za 1994 hadi 1998 zenye injini ya 300Tdi, uliza habari za mkanda wa taimingi. Ukikatika ukiwa barabarani, valvu zinagongana na pistoni, na hapo unaweza kujikuta unanunua injini nyingine. Asiyeweza kukuambia ulibadilishwa lini, chukulia haukubadilishwa, na gharama yake iingie kwenye hesabu leo.

Na kama unaifikiria Land Cruiser badala yake, ile ya mfululizo wa 70, iliyoanza mwaka 1984, ina mambo yake. Injini yake ya 1HZ ya lita 4.2, silinda sita bila tabo, inavumilia mengi ambayo nyingine haivumilii, ingawa nayo ina mkanda wa kubadilishwa. Bei yake iko juu, na ina sababu ya kuwa juu. Ukilinganisha bei ya kununua peke yake utachagua Land Rover kila mara, na kuna siku utakuwa umekosea. Yote mawili ni mazito na yanakunywa. Kwa lita 12 za dizeli kila kilomita 100, Arusha hadi Dodoma ni karibu lita 50 kwenda tu. Hii nayo iandikwe kwenye karatasi ya kamati, kwenye safu ya kila mwezi.

Sasa karatasi. Namba ya chesisi isome kwenye chuma chenyewe. Kwenye Defender tafuta upande wa kulia mbele, karibu na gurudumu, safisha tope kwa brashi, kisha linganisha na kadi ya gari tarakimu kwa tarakimu. Zikitofautiana hata moja, usitoe senti mpaka mamlaka ya mapato imekueleza hilo ni gari la nani. Hakikisha halidaiwi faini wala halijawekwa dhamana ya mkopo. Wenzetu wa Kenya hawaruhusiwi kuingiza gari lililozidi miaka 8, kwa hiyo yote ya zamani wanayouziana yamo nchini mwao tayari. Anayekuletea moja kupitia mpaka wa Namanga kwa bei ya ajabu, bila karatasi za forodha, anakuuzia kesi. Na magari ya mnada, yale ya serikali na yale ya miradi yenye namba za DFP, mengi yalitunzwa vizuri na mengine yaliteswa na kila dereva aliyepangiwa. Tangazo linasema litauzwa kama lilivyo na mahali lilipo. Liamini tangazo hilo neno kwa neno.

Nendeni na fundi, na fundi awe wenu. Asiwe wa muuzaji, wala wa dalali, wala yule anayepata kitu gari likinunuliwa. Mlipeni mapema, mlipeni sawasawa, na mwambieni wazi kwamba fedha yake ni ileile hata akisema msinunue. Kwa mwaka mzima wa kuhangaika, hakuna fedha mtakayotumia vizuri kuliko hiyo. Dalali atawaambia kuna mtu anakuja jioni na hela taslimu. Mwacheni aje. Mungu hakuwawekea riziki yenu ndani ya gari moja.

Na hapa natamani kila mwanakamati anisikie. Gari hili litabeba watu. Nyuma ya 110 ya zamani watakaa kwenye viti vya pembeni, wengi bila mkanda, mama na mtoto mgongoni, mzee aliyeombewa lifti hadi zahanati. Hakuna mfuko wa hewa utakaowapokea. Breki ndizo pekee zinazowatenga na korongo. Angalieni matairi: ubavuni pana tarakimu nne ndani ya umbo la yai, na 2314 maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2014. Kashata zinaweza kuwa ndefu kabisa na mpira umekwisha kukauka na kupasuka. Mwenyekiti anayesema matairi haya yatatufikisha mavuno, ajiulize kama angemweka mwanawe humo kushuka mteremko wa Magara baada ya mvua.

Walio na haki ya kukataa wakatae bila aibu. Kama safari zenu nyingi ni za lami, na njia mbaya ni mara moja kwa mwezi, kodini gari siku hiyo, mtatumia fedha kidogo na mtalala usingizi. Kama fundi wa karibu anayejua gari hili yuko mji mwingine, kataeni. Kama hakuna mtu mmoja, mwenye jina, atakayeamka kila Jumatatu kupima oili na maji, kataeni, maana gari la wote halina mwenyewe.

Lakini wewe uliyepiga hesabu, ukagonga chuma kikalia, ukaona karatasi ni safi na akiba ipo, nunua. Usiogope. Usimsikilize anayesema vya zamani vimepitwa. Gari ambalo fundi wa kijijini analifungua kwa spana za kawaida, na spea zake ziko Kariakoo, Dar es Salaam, na Kirinyaga Road, Nairobi, ni baraka mahali ambapo kompyuta ikigoma hakuna wa kuisomesha. Lihudumie kwa uaminifu ule unaohudumia zizi lako.

Na wewe uliyekwisha kulinunua kabla ya kusoma haya, hujachelewa. Usilipakie mtu bado. Lipeleke gereji, badilisha mafuta ya breki, maana yanavuta maji hewani na yakikaa miaka yanachemka kwenye mteremko mrefu. Badilisha mipira ya breki na ya rejeta. Mwaga oili ya injini, ya gia boksi na ya difu zote mbili, weka mpya. Funga mkanda mpya wa taimingi na uandike tarehe na kilomita kwenye daftari litakalokaa humohumo garini. Wiki nzima itapita. Kwaya iende Mto wa Mbu kwa basi Jumapili hii.