"Nilifowadi Tu": Je, Hiyo Ni Dhambi?



Agosti 2022, wiki ile Wakenya tulipokuwa tukisubiri matokeo ya urais, nilikuwa likizo nyumbani. Nikatumiwa picha ya fomu 34A ya kituo cha jirani, namba zimekatwa na kuandikwa upya kwa peni, na maneno: "Oneni wanavyotuibia!" Nikaifowadi kwenye kundi la WhatsApp la jumuiya yetu. Sekunde tatu tu.

Msimamizi wa kituo kile alikuwa mwalimu, mama tunayesali naye jumuiya moja. Jioni ile alitukanwa hadi akatoka kwenye kundi. Kumbe IEBC ilikuwa inaweka fomu za vituo, vituo zaidi ya 46,000, kwenye tovuti yake, wazi kwa kila mtu. Nilipofungua ile ya kituo chetu, haikuwa na mkato hata mmoja. Picha ndiyo iliyochezewa.

Nikajitetea kwa falsafa. Mtakatifu Tomaso wa Akwino anafundisha kwamba kudanganya ni kusema kinyume cha unachoamini. Mimi niliamini, kwa hiyo sikudanganya. Sawa. Lakini Tomaso huyohuyo anatenganisha kutojua kusikoepukika na kutojua ambako ungeweza kukuondoa ukitaka. Huku kwa pili kuna hatia. Ukweli ulikuwa kwenye simu ileile niliyoshika, na bando nilikuwa nalo.

Mbona basi sikuangalia? Kwa sababu picha ilisema nilichotaka kusikia. Ingemgusa mgombea wangu, ningeichunguza namba kwa namba. Watengenezaji wa propaganda za kampeni wanatujua hapo: hasira tunayo tayari, wao wanaiwashia kiberiti tu. Katekisimu, namba 2477, inataja hukumu ya pupa: kukubali kwamba jirani ana kosa bila msingi wa kutosha. Hiyo ndiyo dhambi niliyopeleka kitubioni.

Nikaenda pia kwa mwalimu. Alinipa chai, akanisikiliza, kisha akasema, "Frateri, nimekusamehe. Lakini ulinivua nguo sokoni, sasa unanifunika chumbani."

Usiku huo nikaandika kwenye kundi: picha ilikuwa ya uongo, mimi ndiye niliyeileta, naomba radhi. Wachache walijibu. Mama yule jumuiya anakuja, ila kwenye kundi hajarudi mpaka leo.

Kampeni zinarudi, jamani. Leo usiku, katika kuchunguza dhamiri, pitia pia ulichofowadi. Kama kuna mtu ulimvua nguo sokoni, rudi sokoni.