Je, Kila King'aacho Kikatwe?

Ndani ya uti wa mgongo umo ugwe wa mishipa ya fahamu, nao kwa unene haupiti kidole kidogo cha mkono. Humo ndimo zishukamo amri za kutembea, na hata za kuzuia haja. Uvimbe ukiota humo, daktari wa upasuaji hana nafasi ya kupapasa, na kwa macho matupu uvimbe na nyama nzima huweza kufanana.

Kwa ajili hiyo mgonjwa huweza kunyweshwa, saa chache kabla ya kupasuliwa, dawa iitwayo asidi ya aminolevuliniki. Seli za uvimbe huigeuza kuwa rangi. Daktari akiwasha nuru ya buluu katika darubini yake, uvimbe hung'aa wekundu. (Baadaye mgonjwa hukingwa na mwanga mkali, ngozi isije ikaungua.) Wazo lenyewe si jipya: mwaka 1948 George Moore wa Minnesota, Marekani, alieleza matumizi ya rangi ya fluoresini katika upasuaji wa ubongo.

Lakini nuru hii si shahidi kamili. Uvimbe uitwao ependimoma kwa kawaida hung'aa, na mara nyingi huweza kubanduliwa wote. Astrositoma hujipenyeza kati ya mishipa bila mpaka, na mara nyingi haing'ai. Tena huenda ikabaki chembe yenye kung'aa, imeshikamana na ugwe. Ikitolewa, pengine mtu hatatembea tena. Ikiachwa, pengine uvimbe utarudi. Nani aamue, na mwenye mwili amelala usingizi wa dawa?

Wako wasemao, "Mwachieni daktari, ndiye ajuaye." Kweli anajua uvimbe uko wapi. Ila thamani ya miguu ya mtu haionekani katika darubini. Mama mkulima mwenye watoto wachanga na karani mzee waweza kujibu tofauti, na wote wawili wakawa na haki. Wala si vema kumtwika mgonjwa mzigo wote. Daktari naye yampasa kusema angeshauri nini.

Kwa hiyo haitoshi kuuliza, "Unakubali kupasuliwa?" Yafaa aulizwe, angali macho: "Lipi litakuumiza zaidi, kupoteza miguu sasa au uvimbe kurudi baadaye?" Jibu lake liandikwe kwa maneno yake mwenyewe katika karatasi ya kibali, lisomwe kwa sauti chumbani kabla nuru ya buluu haijawashwa.